Wakati, Mahali na Nguvu: Tempels, Kagame na Mbiti Mbele ya Mwalimu wa Kiswahili

Katika insha za wanafunzi wetu wa mwaka wa pili na wa tatu kuna madai matatu yanayorudi kila mwaka, mara nyingi bila jina la mtunzi, kana kwamba ni mambo yanayojulikana na kila mtu. La kwanza, kwamba kwa Mbantu kuwepo ni kuwa na nguvu. La pili, kwamba kwa Mbantu mahali na wakati ni kitu kimoja. La tatu, ambalo ndilo linalopendwa zaidi, kwamba Mwafrika hana wakati ujao wa mbali. Madai hayo huandikwa kwa herufi nzuri, yakifuatiwa na "kwa hiyo". Na hapo ndipo shida inapoanza. Wapo wanaohitimisha kwamba, kwa hiyo, fizikia na mantiki haviwezi kufundishwa kwa lugha zetu. Wapo pia wanaohitimisha kinyume chake, kwamba, kwa hiyo, babu zetu walimtangulia Einstein.

Makala haya yananuia kuhakiki chimbuko la madai hayo. Hatukusudii kuwavunjia heshima watunzi wake. Tunachotaka kuuliza ni swali moja: je, sarufi ya lugha inaweza kutupa nadharia ya fizikia au ya mantiki? Swali hili linawahusu walimu wa lugha kuliko wanafizikia, kwa sababu ushahidi wote uliotolewa ni wa kiisimu: ngeli, njeo, vielezi. Ni mali yetu. Kama umetumiwa vibaya, ni sisi tunaopaswa kusema.

Madai ya kwanza yalitoka Katanga. Padre Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyeishi miongoni mwa Waluba, alichapisha mwaka 1945 huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kitabu chake *La philosophie bantoue*. Humo alidai kwamba Mzungu anapofikiria kitu kuwepo, Mbantu hufikiria nguvu. Ya pili yalitoka kwa jirani yetu, Padre Alexis Kagame wa Rwanda (1912-1981), aliyeandika tasnifu yake Roma na kuichapisha Brussels mwaka 1956 kwa jina la *La philosophie bantu-rwandaise de l'être*. Ya tatu yalitoka kwa John Mbiti, Mkamba wa Kenya, aliyekuwa akifundisha Makerere alipochapisha *African Religions and Philosophy* mwaka 1969.

Kwa Tempels hatutakawia. Neno "nguvu" katika lugha zetu hubeba mengi: nguvu za mwili, nguvu za serikali, nguvu za dawa, hata "kwa nguvu" kwa maana ya sauti kubwa. Upana huo si nadharia. Ni tabia ya neno la kila siku, na kila lugha ina maneno ya namna hiyo. Fizikia huanza pale upana unapokatwa. Waandaaji wa *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ya TUKI (1990) na wenzao walilielewa hilo, na ndiyo maana wanafizikia wa Kiswahili leo hutofautisha "kani" na "nishati" badala ya kuacha kila kitu kiitwe nguvu. Kani ni ile inayobadilisha mwendo wa kitu, na kipimo chake ni tungamo mara mchapuko. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Hata "kazi" yenyewe imekatwa: mama anayesimama foleni na dumu la maji kichwani, bila kulipandisha wala kulishusha, halifanyii dumu lile kazi yoyote kwa maana ya fizikia, ingawa shingo yake itakuambia vingine. Mwanafunzi akilielewa hilo, amekwisha kuingia katika nadharia. Aliingia kwa kufafanuliwa neno, na ufafanuzi huo ulitungwa. Haukulala ndani ya lugha ya Waluba ukimsubiri padre auvumbue.

Kagame ni jambo jingine. Yeye alikuwa mwanaisimu wa kweli, mzawa wa lugha aliyoiandikia, na walimu wa Kirundi wanajua jinsi kazi yake ilivyo nzito. Alizichukua ngeli za Kinyarwanda na kuzipanga katika makundi manne ya kuwepo: *umuntu*, yaani kiumbe chenye akili, *ikintu*, kisicho na akili, *ahantu*, mahali na wakati kwa pamoja, na *ukuntu*, namna ya kuwa. Aliyalinganisha makundi hayo na kumi ya Aristotle. Miaka miwili baadaye, mwaka 1958, Mfaransa Émile Benveniste alidai kwamba hata yale kumi ya Aristotle yalikuwa makundi ya sarufi ya Kigiriki yaliyovishwa joho la falsafa. Ukiyasoma maandishi hayo mawili pamoja unaona ajabu: Kagame alifanya kwa kujivunia jambo lile lile ambalo Benveniste alimshitaki nalo Aristotle.

Tujaribu kuyapima makundi hayo kwa Kiswahili. Mtu, kitu, mahali, namna: yanaonekana kukaa vizuri. Lakini kijana, kiongozi, kipofu na kiziwi tuwaweke wapi? Viambishi vyao ni vya kitu, nao ni watu. Mdudu na mnyama wamo katika ngeli ya mtu, nao kwa Kagame hawana akili. Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya umbo tu, na kwamba maana ndiyo inayoamua, ameshakiri kwamba ngeli si ramani ya kuwepo. Tena "mahali" lenyewe ni neno lililotoka Kiarabu. Ikiwa kundi la kuwepo hubebwa na neno, basi Waswahili waliazima nafasi yenyewe kutoka ng'ambo ya bahari, na kabla ya hapo sijui walikuwa wakisimama wapi.

Hata hivyo, kuna kitu Kagame alikiona sawasawa, nacho kinastahili kufundishwa. Katika lugha zetu vipashio vya mahali hutumika pia kwa wakati. Kirejeshi "-po-" cha Kiswahili ni mfano ulio wazi. "Alipofika hapakuwa na mtu": je, ni pale alipofika au ni saa ile aliyofika? Sentensi inakubali yote mawili. Kirundi kinakwenda mbali zaidi. Neno *ejo* lina maana ya jana na pia ya kesho. Tunatofautisha kwa njeo ya kitenzi: *yaje ejo*, alikuja jana, *azoza ejo*, atakuja kesho. Tukitaka kulitaja peke yake tunasema *ejo haheze*, ile iliyopita, na *ejo hazoza*, ile itakayokuja. Tazameni kiambishi *ha-* hapo. Ni kile kile cha *ahantu*. Siku inapatanishwa kisarufi kana kwamba ni mahali.

Ni kwa sababu ya mifano ya namna hii ndipo baadhi ya wasomaji wa Kagame huruka hadi kwa Einstein. Mruko huo tuuangalie. Einstein alitoa nadharia yake ya uhusianifu mwaka 1905. Mwaka 1908, huko Köln, Hermann Minkowski, aliyewahi kuwa mwalimu wake wa hisabati, alionyesha kwamba nafasi na wakati vinapaswa kuchukuliwa kuwa kitu kimoja chenye vipimo vinne. Lakini alichokisema Minkowski hakikuwa kwamba tunatumia maneno yanayofanana. Alitoa kipimo. Watazamaji wawili wanaokwenda kwa mwendo tofauti hawakubaliani juu ya muda uliopita kati ya matukio mawili, wala juu ya umbali wake. Lakini mraba wa muda, uliozidishwa kwa mraba wa kasi ya mwanga, ukiutoa mraba wa umbali, wote wawili watapata jibu moja. Kasi hiyo ya mwanga ni kilomita 299,792 kwa sekunde, na ndiyo inayotuambia sekunde moja ni sawa na kilomita ngapi. "-po-" haituambii hilo. Inaturuhusu tu kutosema kama tunazungumzia mahali au wakati, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kujua jinsi kimoja kinavyobadilishwa kuwa kingine. Na nadharia ile iliandikwa kwa Kijerumani. Sarufi ya Kijerumani haikuizaa, wala haikuizuia.

Sasa tumgeukie Mbiti, ambaye madai yake ndiyo yaliyoleta hasara kubwa zaidi madarasani. Alizichunguza njeo za Kikamba na Kikuyu, akaziorodhesha kwenye jedwali, akasema kwamba zile za wakati ujao hazivuki miezi sita, au kwa vyovyote miaka miwili. Aliongeza kwamba katika lugha za Afrika Mashariki alizozichunguza hakupata maneno ya kueleza wakati ujao wa mbali. Kwa hiyo, akasema, wakati wa Kiafrika una sehemu mbili tu zenye uzito: Sasa na Zamani. Maneno haya mawili aliyachukua kutoka Kiswahili, akayaandika kwa herufi kubwa, na tangu siku hiyo yamesomwa Ulaya na Marekani kama siri ya roho ya Kiafrika.

Mswahili yeyote angemwuliza mambo mawili matatu. "Zamani" ni neno la Kiarabu. Si dhambi, lugha yetu imejaa maneno ya namna hiyo na tunayapenda. Lakini si busara kulifanya jina la kile kinachodaiwa kuwa kiini cha Uafrika kabla ya wageni. Aidha, katika maandishi ya zamani kidogo tunakuta "zamani hizi" kwa maana ya siku hizi, kwa hiyo hata mpaka wa neno lenyewe haukuwa pale Mbiti alipouchora. Tena Kiswahili kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, hesabu ya siku zijazo yenye majina ambayo Kiingereza hakina. Je, tuseme Mwingereza haoni zaidi ya kesho? Kirundi nacho kina *kazoza*, neno linalotokana na kitenzi cha kuja, na linalotajwa katika hotuba kila wiki kwa maana ya mustakabali. Mghana Kwame Gyekye, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alimjibu Mbiti kwa njia hiyo hiyo akitumia Kiakan, lugha yenye neno *daakye* kwa wakati ujao.

Lakini jibu la kumtafutia Mbiti maneno aliyoyakosa halitoshi, na hapa tunatofautiana kidogo na wahakiki wake. Anayejibu hivyo amekubali kanuni ya mchezo: kwamba penye neno pana dhana, pasipo na neno hapana. Wamarekani walicheza mchezo huo kwa muda mrefu na lugha ya Wahopi. Benjamin Whorf alidai kwamba Wahopi hawana wakati kwa maana yetu. Mwaka 1983 Ekkehart Malotki alitoa kitabu cha kurasa zaidi ya 600 chenye maelezo ya wakati katika Kihopi. Kazi nzuri, lakini hata Wahopi wangekuwa hawana neno hata moja, bado wangepanda mahindi kwa ajili ya mavuno. Na Mrundi, ambaye jana na kesho yake ni *ejo* moja, hajawahi kwenda sokoni jana.

Kuna upande wa kuchekesha katika hili. Milinganyo ya Newton haitofautishi wakati uliopita na ujao: ukiugeuza wakati uende nyuma, mwendo wa sayari bado unatii sheria zile zile. Wanafizikia wa karne ya 19, kina Clausius na Boltzmann, walihangaika sana kueleza kwa nini kikombe huvunjika na hakijiungi tena. Kwa mtindo wa kufikiri tunaouhakiki, tungeandika tasnifu kwamba *ejo* ya Kirundi ni mekanika ya Newton. Tunaomba asitokee mwanafunzi wa kuiandika.

Jambo jingine kuhusu Mbiti, ambalo wanaomnukuu hawalitaji. Mzee huyu, aliyefariki mwaka 2019, alitumia miaka yake ya uzeeni kutafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki kwenda Kikamba, likachapishwa mwaka 2014. Agano Jipya linaishia na kitabu cha Ufunuo, ambacho karibu chote ni mambo yatakayokuja, na si ya miaka miwili. Kikamba kilimtosha. Kwetu sisi huo ni uhakiki wa kitabu cha 1969 uliofanywa na mkono ule ule uliokiandika.

Kwa nini tunalisema hili katika jarida la walimu? Kwa sababu tumeliona likifika darasani. Katika ziara za mazoezi ya kufundisha tulifika Gasorwe, upande wa Muyinga. Gasorwe ni mahali pazuri kwa anayetaka kuisikia lugha yetu katika hali zake zote. Kuna kambi ya Kinama, ambako wakimbizi kutoka Kongo wamehifadhiwa tangu miaka ya mwanzo ya 2000, nao huongea Kiswahili cha Kivu toka utotoni. Kuna Warundi ambao kwao Kiswahili ni somo. Na kuna biashara na upande wa Tanzania, ambayo huleta Kiswahili cha tatu. Mwalimu mwanafunzi tuliyemtazama alikuwa akifundisha sentensi za masharti, na katika andalio lake la somo alikuwa ameandika, kutoka nakala zinazosambaa bila jina la mtunzi, kwamba lugha za Kibantu "hazina wakati ujao wa mbali wala mantiki ya masharti".

Akaandika ubaoni: "Mvua ikinyesha, uwanja utalowa." Kisha akauliza: uwanja umelowa, je, mvua imenyesha? Wengi wakajibu ndiyo. Kijana mmoja akasema si lazima, huenda mtu amemwaga maji. Mwalimu akamwambia akae, kwa sababu hakujibu kwa sentensi kamili. Kumbe kijana huyo alikuwa ametoa jibu ambalo wanamantiki wamelirudia tangu Wagiriki: kutokana na "kama A basi B" pamoja na B, hatuwezi kuipata A. Gottlob Frege, aliyeiweka mantiki katika alama za kihisabati mwaka 1879, asingekuwa na la kumsahihisha.

Lilofuata lilitufikirisha zaidi. Mtoto wa kambini akaisema sentensi ile kwa namna ya kwao: "Kama mvua inanyesha..." Akasahihishwa: si "kama inanyesha", ni "ikinyesha". Kwa Kiswahili sanifu sahihisho lile lina msingi wake. Kwa mantiki lilikuwa hasara. Kiambishi "-ki-" hubeba sharti, na hubeba pia "wakati ambapo": "mvua ikinyesha sisi hukaa ndani" ni kauli ya desturi, na "nilimwona akilia" haina sharti lolote. "Kama" ya Wakongo hutenga sharti peke yake mwanzoni mwa sentensi, mahali ambapo jicho na sikio hulikuta. (Kweli, "kama" nayo ina kazi ya kulinganisha, lakini haitumiki hivyo mbele ya kitenzi cha namna hiyo.) Mwalimu wa mantiki akiombwa kuchagua, angeichukua ya Kivu. Sisi walimu wa sarufi tumezoea kuiwekea alama nyekundu.

Hapa ndipo tungependa utafiti wetu uelekee. Lugha ya kila siku, iwe Kiswahili au Kijerumani, haina mantiki ya kihisabati ndani yake. Ina vifaa vinavyoweza kunolewa. Kazi ya mwanaisimu ni kuonyesha vipi vimekwisha kuwa vikali na vipi bado ni butu. Chukueni ukanusho pamoja na "-ote". "Wanafunzi wote hawakufaulu" ina maana kwamba hakuna aliyefaulu, au kwamba si wote waliofaulu? Tumewasikia wasemaji wazuri wakiipa maana zote mbili, na tofauti hiyo katika ripoti ya shule si ndogo. Kiswahili kinacho kifaa cha kuondoa utata: "Si wanafunzi wote waliofaulu" dhidi ya "Hakuna mwanafunzi aliyefaulu". Lakini hatujaona kitabu cha sarufi cha shule kinachowafundisha watoto kukitumia kwa makusudi hayo.

Vivyo hivyo kwa neno "mfumo", ambalo sasa tunalitia kila mahali: mfumo wa elimu, mfumo wa jua, mfumo wa malipo, mfumo dume. Etimolojia yake ni nzuri, kwani linatokana na kufuma. Lakini Ludwig von Bertalanffy, aliyekusanya nadharia yake ya jumla ya mifumo katika kitabu cha mwaka 1968, alimaanisha jambo mahsusi: sehemu ambazo tabia yake ikiwa pamoja haipatikani kwa kuzijumlisha moja moja, na ambazo mara nyingi matokeo yake hurudi na kubadilisha chanzo. Anayeandika "mfumo wa elimu" bila kuonyesha sehemu zake na marejeo yake amesema "elimu" tu, kwa silabi nyingi zaidi. Uzuri wa neno kufuma haumpunguzii kazi hiyo, kama vile upana wa "nguvu" haukumpunguzia Tempels.

Tanzania imefundisha hisabati na sayansi za shule ya msingi kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na hakuna mtoto aliyeshindwa kugawanya kwa sababu ya ngeli. Matatizo yaliyopo ni ya vitabu, ya walimu na ya kuihama lugha mtoto anapoingia sekondari. Hayo yana wahusika na yana bajeti. Anayesema kwamba tatizo ni roho ya Kibantu huwaondolea wahusika hao lawama zote, na ndiyo maana hatuwezi kuyaacha madai haya yapite katika insha kana kwamba ni mapambo.

Tunapendekeza kwamba vitabu vitatu tulivyovitaja viendelee kusomwa, lakini kila kimoja kisomwe pamoja na orodha ya mifano ya lugha inayokipinga, iliyokusanywa na wanafunzi wenyewe. Tumeanza na sentensi nne: "Alipofika hapakuwa na mtu", "Wanafunzi wote hawakufaulu", "Kama mvua inanyesha, uwanja utalowa", na "Mvua ikinyesha, uwanja utalowa". Wanafunzi wanaokwenda mazoezini Gasorwe, Muyinga mjini na Gitega wanaombwa kuziuliza kwa wasemaji wasiopungua kumi kila kituo, wakiandika umri wa msemaji, lugha yake ya nyumbani na maana aliyoitaja kwanza. Msimsaidie msemaji kujibu. Majedwali yaletwe idarani kabla ya mwisho wa muhula. Tutayachapisha pamoja katika toleo lijalo, hata yale yatakayopingana na tuliyoyasema hapa.